Kufufua baiskeli ya resi ya zamani kwa safari za kila siku Mtwara: mwongozo kamili

Baiskeli ya resi ya zamani, ile yenye usukani uliopinda kuelekea chini na tairi nyembamba, mara nyingi huachwa imeegemea ukuta kwa sababu tairi zake hazionekani madukani na mwenyewe amekata tamaa. Ni hasara kubwa. Chini ya vumbi lile kuna fremu nyepesi ambayo ikitengenezwa vizuri itakutoa Shangani hadi sokoni bila kukutoa jasho, na itakufikisha Mikindani, kilomita kumi hivi, bila kuwazia nauli ya bajaji. Mji wetu wenyewe unafaa kwa baiskeli. Ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 uwe mji wa bandari ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ndiyo maana barabara zake nyingi ni pana na zimenyooka, na sehemu kubwa ya mji ni tambarare.

Lakini baiskeli hizi hazikukusudiwa mazingira yetu. Zilitengenezwa kwa lami laini na mtu asiye na mzigo. Sisi tuna mchanga pembezoni mwa kila lami, mashimo, mvua za kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na upepo wa bahari unaobeba chumvi mwaka mzima. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuirudishia uzima, kisha kuibadilisha iendane na huku. Msimamo wangu katika mambo yote yanayofuata ni huu: kila kifaa unachoweka kiwe kile ambacho fundi wa Chikongola anaweza kukitengeneza kesho asubuhi kwa vifaa alivyonavyo. Kifaa cha kisasa ambacho kila kikiharibika lazima kiagizwe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kitairudisha baiskeli ukutani.

Ikague fremu kabla hujatoa hela

Kila kitu kwenye baiskeli kinabadilishika. Fremu ikiwa imekwisha, baiskeli imekwisha, hata kama gia zinang'aa.

Anza na sumaku ndogo. Ikinata, fremu ni ya chuma, na hiyo ndiyo ninayokushauri uitafute. Chuma kinavumilia, kinanyooshwa kikipinda kidogo, na hutoa dalili kabla ya kuvunjika. Kisha pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani, sentimita chache kutoka pale linapoungana na bomba la usukani. Ukihisi mawimbi au rangi iliyokunjamana, baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Angalia viungo vyote kwenye mwanga wa jua: mstari mwembamba wa kutu unaokatiza rangi pembeni mwa kiungo huenda ni ufa. Mafundi huogopa zaidi nyufa za kwenye ekseli ya pedeli na zile za pale gurudumu la nyuma linapokaa. Mimi pia naziogopa.

Huku pwani kutu huanzia ndani. Toa bomba la siti, pindua fremu juu chini, igonge taratibu kwa mpini wa nyundo. Vumbi la kahawia si tatizo. Vikidondoka vipande vipana vya kutu, chukua bisibisi ubonyeze mabomba ya chini karibu na ekseli ya pedeli, maana maji hutuama pale. Pakibonyea, achana nayo.

Sasa pima unyoofu kwa uzi. Funga uzi pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa upande wa kushoto, uupeleke mbele uzunguke bomba la usukani, urudi nao upande wa kulia hadi sehemu ileile. Uvute ukazike. Pima umbali kati ya uzi na bomba la siti kila upande. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Tofauti ya milimita 2 au 3 inanyoosheka ikiwa fremu ni ya chuma. Ikizidi sana hapo, baiskeli itavuta upande mmoja siku zote. Foku nayo itazame kwa ubavu: bomba la usukani na sehemu ya juu ya foku viwe mstari mmoja hadi pale inapoanza kupinda kwenda mbele. Ikirudi nyuma, ilipata ajali.

Mwisho jaribu kuzungusha bomba la siti na shingo ya usukani. Bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, likikaa miaka kwenye hewa ya chumvi bila grisi, hula kutu, huvimba na kung'ang'ania. Hilo likikutokea, punguza bei. Kulitoa kunahitaji subira: legeza bolti, mwagia mafuta ya kupenyeza kutu, uache usiku kucha, kesho rudia. Halafu rudisha siti juu yake uitumie kama mkono wa kuzungushia, kushoto na kulia, kidogo kidogo. Nyundo hapa huharibu fremu.

Vifaa vya kazi

Huhitaji karakana. Spana za kawaida kuanzia namba 8 hadi 17, spana za L namba 4, 5 na 6, bisibisi mbili, koleo, spana ya spoku, na spana nyembamba ya namba 13 na 15 kwa ajili ya koni za habu (habu ni kitovu cha gurudumu, koni ni nati zinazobana goroli zake). Ongeza brashi, mafuta ya taa ya kusafishia, msasa, matambara, kopo la grisi ya beringi za gari na oili nyepesi. Vya kuazima kwa fundi ni viwili: kifaa cha kuvuta krenki (mikono inayoshika pedeli) na kifaa cha kufungulia friwili (meno ya nyuma yanayovutwa na cheni). Vikikosekana, usikubali krenki igongwe, subiri vipatikane.

Piga picha kila sehemu kabla ya kuifungua, na weka bolti za kila sehemu kwenye kopo lake.

Tairi: soma namba, usifuate jina

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutulie kidogo.

Ubavuni mwa tairi kuna namba kama 32-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ndiyo muhimu: ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Baiskeli za resi za zamani huja kwa vipimo viwili. Kuna 622, ambayo pia huandikwa 700C, na kuna 630, ambayo huitwa inchi 27. Baiskeli kubwa nyeusi za mjini kwetu, zile za Phoenix na jamaa zake, nyingi ni 635, zinazoandikwa 28 x 1½.

Mkanganyiko unatokana na kwamba hata baadhi ya tairi za 622 zimechapwa "28". Ukienda dukani ukasema "naomba tairi namba 28," muuzaji kwa nia njema atakupa 635. Litaingia kwenye rimu yako ya 622 kirahisi mno, litalegea, na ukilijaza upepo litachomoka. Tofauti ya milimita 13 ni kubwa. Kwa hiyo andika namba yako kwenye simu, na ukifika dukani geuza tairi mwenyewe usome. Jambo la kukusaidia: tairi za baiskeli za milimani zinazoitwa inchi 29 nazo ni 622. Nyingi ni pana mno kwa fremu ya resi, lakini kuwapo kwake kunaonyesha kuwa kipimo hiki kinazidi kupatikana.

Kama yako ni 630, una njia mbili. Agiza tairi mbili au tatu kwa pamoja ziletwe kwa basi, uziweke mbali na jua. Au, njia ninayoipenda, mpe fundi asuke upya habu zako kwa rimu za aluminiamu za 622. Rimu hiyo ni ndogo kwa milimita 8 kwa kipenyo, maana yake raba za breki zishuke milimita 4 tu, na breki nyingi za zamani zina nafasi hiyo.

Upana sasa. Tairi la milimita 23 au 25 lililokuja na baiskeli ni adui kwenye mchanga na mashimo. Lenga 32. Kabla ya kununua, pima nafasi kati ya miguu ya foku na kati ya mabomba ya nyuma. Kila upande wa tairi ubaki na angalau milimita 4, zaidi ukitaka madigadi. Nafasi isipotosha, 28 inatosha kwa lami ya mjini. Ikitosha zaidi, weka 35, mradi rimu si nyembamba mno.

Rimu zenyewe zipime kwa sumaku ileile. Za chuma zilizopakwa kromu huteleza vibaya breki zikilowa, na mvua za Januari hapa hazitanii. Aluminiamu ndiyo salama. Iangalie pale raba zinapogusa: ikiwa imeliwa hadi imekuwa na bonde unaloliona kwa kuegesha rula, ibadilishwe.

Tyubu za resi huwa na valvu nyembamba ambayo pampu nyingi za mjini haziingii. Kama rimu ni pana kiasi, toboa tundu liwe milimita 8 na nusu, sugua kingo kwa msasa, uweke tyubu yenye valvu ya gari. Baada ya hapo utajaza upepo popote wanapojazia bodaboda. Kama rimu ni nyembamba usiitoboe. Nunua kiunganishi kidogo cha shaba kinachogeuza valvu moja kuwa nyingine, ukiweke mfukoni. Vichwa vya spoku ndani ya rimu vifunike kwa utepe wa kitambaa au ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, vinginevyo pancha zitatokea upande wa ndani na utalaumu miiba bure.

Upepo: kwa mtu wa kilo 70 na tairi la 32, anza na PSI 60 hadi 65 nyuma, 50 hadi 55 mbele. Kwa tairi la 28, 80 nyuma na 70 mbele. Ukibeba mzigo ongeza 5 nyuma. Mwambie anayejaza kwa kompresa abonyeze kwa vipindi vifupi. Tyubu hii ni ndogo na hujaa kwa sekunde chache.

Kunyoosha rimu

Pindua baiskeli, zungusha gurudumu, tumia raba ya breki kama kipimo. Rimu ikigusa upande wa kulia, kaza spoku zinazotoka upande wa kushoto wa habu mahali hapo, au legeza za kulia. Robo mzunguko kila mara, kisha zungusha tena utazame. Anayekaza nusu mzunguko kwa haraka huhamisha tatizo kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kabla hujaanza weka tone la oili kwenye kila chupa ya spoku (nati yake pale kwenye rimu), la sivyo iliyoshikana na kutu itaikata spoku. Ukimaliza, bana spoku mbili mbili kwa mkono kuzunguka gurudumu lote zikae sawa, halafu kagua tena.

Spoku zikikatika moja baada ya nyingine upande wa nyuma kulia, acha kuziba moja moja. Zote za upande ule zimechoka, badilisha zote.

Goroli na grisi

Fungua kila sehemu inayozunguka, hata kama inazunguka vizuri. Grisi ya miaka thelathini imeshakuwa gundi, na mchanga laini wa pwani ukishaingia humo husaga kila kitu.

Habu ya mbele kwa kawaida ina goroli 10 kila upande za inchi 3/16. Ya nyuma ina 9 kila upande za inchi ¼. Ekseli ya pedeli ina 11 kila upande, nazo za ¼. Goroli hizi zinapatikana kirahisi kwa sababu baiskeli za kawaida hutumia vipimo hivyohivyo. Badilisha zote, usichanganye mpya na za zamani. Osha bakuli (pale goroli zinapokaa) na koni kwa mafuta ya taa, kausha, tazama njia ya goroli: ikiwa ina mashimo madogo, koni ibadilishwe. Jaza grisi bila ubahili. Grisi inayojitokeza pembeni iache iwe kizuizi cha maji na mchanga.

Kukaza koni kunahitaji kuhisi kwa mkono. Ikaze hadi ekseli isitikisike, halafu ilegeze kidogo sana hadi izunguke bila mikwaruzo, ndipo ubane nati ya kufungia. Kama gurudumu lako linafungwa kwa mkono wa haraka badala ya nati, acha mtikisiko mdogo mno, kwa sababu ule mkono ukibana hukaza koni zaidi.

Kumbuka nyuzi za kinyume. Pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia. Bakuli la ekseli ya pedeli upande wa cheni nalo mara nyingi lina uzi wa kinyume, ila kwenye fremu za Kiitaliano na nyingi za Kifaransa. Watu wamevunja spana na fremu kwa kutojua hilo. Krenki za chuma zenye kotapini (pini zinazozibana kwenye ekseli) zisikutishe. Mafundi wetu wanazijua tangu zamani. Sharti ni kotapini mbili mpya ziingizwe kwa pande zinazopingana, krenki zikae mstari mmoja.

Wakati wa kurudisha, kila bolti, kila uzi, bomba la siti na shingo ya usukani vipakwe grisi. Usiruke hata kimoja. Kwenye mji wa bahari hii ndiyo tofauti kati ya baiskeli inayofunguka mwakani na isiyofunguka tena.

Breki

Hapa sina mjadala wa gharama. Waya mpya wa ndani, kava jipya, raba mpya, mbele na nyuma. Raba ya zamani huwa ngumu hadi inapiga kelele bila kushika, hata kama bado ni nene.

Kata kava kwa koleo kali, kisha nyoosha mdomo wake kwa msasa ili waya usikwaruzwe. Likate fupi kadiri inavyowezekana lakini usukani ugeuke kushoto na kulia bila kulivuta. Pitisha tone la oili ndani. Raba ziguse rimu peke yake, katikati ya ukuta wake. Zikigusa tairi, zitalikata. Mbele ya raba iguse kwanza kwa tofauti ya milimita moja hivi, breki itanyamaza.

Jaribio: bana breki ya mbele kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama. Mkono wa breki usifike usukani, na waya usiteleze kwenye bolti yake. Afadhali ukatike ukiwa nyumbani kuliko ukiwa unashuka na lori la saruji nyuma yako kwenye barabara ya Mikindani.

Gia: weka chache

Gia za mbele mbili zenye kibadilisha gia chake, toa. Mtwara haizihitaji. Bakiza sahani moja ya meno 38 hadi 42. Kwa nyuma inategemea hali. Kibadilisha gia kikiwa kizima, springi yake ina nguvu na vigurudumu vyake havijaliwa, kisafishe, badilisha waya, kibaki. Rekebisha skrubu mbili za mipaka ili cheni isiangukie spoku wala fremu: moja huzuia upande wa gia kubwa, nyingine upande wa gia ndogo. Kila skrubu igeuze nusu mzunguko, uone inahamisha nini.

Kikiwa kimekufa, usitafute kingine. Ifanye baiskeli iwe ya gia moja. Habu nyingi za resi za zamani zina uzi uleule wa friwili ya kawaida, isipokuwa baadhi ya za Ufaransa. Friwili ya meno 18 inayouzwa mjini izungushie kwa mkono: ikiingia laini hadi mwisho, umepata. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, simama, usiilazimishe. Cheni iwe pana, ya inchi ⅛, ile ya baiskeli za kawaida. Inakaa vizuri hata kwenye sahani nyembamba ya resi, na ipo kila duka.

Cheni lazima iende mstari mmoja. Tazama kutoka nyuma. Kama friwili imekaa ndani zaidi kuliko sahani, hamishia sahani upande wa ndani wa krenki. Isipotosha, toa washa upande wa kulia wa ekseli ya nyuma uziweke kushoto hadi friwili isogee nje. Angalia inaelekea wapi: washa zikiongezeka kulia, friwili husogea ndani; zikipungua kulia na kuongezeka kushoto, husogea nje. Ukihamisha washa, rimu nayo ivutwe kwa spoku irudi katikati. Kukaza cheni, sogeza gurudumu nyuma. Fremu nyingi za zamani zina nafasi hiyo. Cheni ibaki na mchezo wa sentimita 1 hadi 1 na nusu katikati.

Je, gia moja itatosha? Sahani ya 42 na friwili ya 18 hukusogeza mita 5 kwa kila mzunguko wa pedeli, kiasi kinachofaa Ligula, Shangani, Chuno na barabara ya bandarini. Anayepanda Naliendele kila siku au anayeishi kwenye vilima vya Mikindani aweke friwili ya 20. Atapata mita 4 na nusu, na magoti yake yatapona.

Cheni ya zamani ipime kwa rula. Vipande 12 kamili, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 305. Ikifika 306 na nusu, badilisha. Ikifika 308, meno ya friwili nayo yameshaliwa. Badilisha vyote viwili kwa pamoja.

Usukani na siti

Usukani wa kupinda unaweza kubaki, ukiuinua hadi ulingane na siti au uzidi kidogo. Usiivute shingo kupita alama iliyochongwa juu yake; alama ile inalinda maisha yako. Ukipendelea kukaa wima ili uone bajaji zinazochomoza, weka usukani wa kunyooka au uliorudi nyuma, lakini jua kwamba mikono ya breki ya resi haitafaa. Mabomba ya usukani wa resi ni manene zaidi, milimita 23.8 kwa 22.2, na hata kichwa cha waya ni tofauti: cha resi ni cha mviringo mdogo, cha usukani wa kunyooka ni kipipa kilicholala. Kwa hiyo nunua mikono na waya vya kuendana.

Urefu wa siti: kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke wote. Ukipanda kwa wayo, goti litabaki na mkunjo unaofaa.

Madigadi, keria, taa

Madigadi ni lazima kwa mtu anayekwenda kazini. Fremu isiyo na matundu ya bolti tumia vibana vya bati vyenye raba ndani. Keria mwagize fundi wa kuchomelea, ila umsisitize: "Fundi, chomelea keria peke yake, fremu usiiguse." Mabomba ya fremu ya resi yana unene usiofika milimita 1 sehemu nyingi, moto wa kuchomelea huyatoboa au kuyadhoofisha. Kilo 20 ni mzigo wa kutosha. Gunia la korosho lipandishe guta.

Taa usiziache. Mtwara iko mashariki kabisa mwa nchi, jua letu huzama mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Mwezi Juni ni saa 12 na dakika chache tu. Anayetoka kazini saa 12 anarudi gizani. Taa nyekundu nyuma, nyeupe mbele, na kiakisi kwenye spoku. Dainamo ya kugusa tairi, volti 6, bado ni chaguo zuri kwa asiyetaka kuchaji, mradi waya zake zifungwe vizuri zisiliwe na chumvi.

Chumvi na safari za mwanzo

Palipobanduka rangi, sugua hadi chuma king'ae, paka redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu), ikauke, kisha rangi ya mafuta. Ndani ya mabomba mimina oili nyepesi kidogo, pindua fremu huku na huku isambae, iache ichuruzike. Tundu dogo chini ya ekseli ya pedeli lisizibwe. Ndipo maji yanapotokea.

Kila wiki futa cheni kwa tambara, tone moja la oili kwa kila pini, futa tena. Oili ya kupita kiasi hukusanya mchanga. Ukipita ufukweni au kwenye maji ya bahari, suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kwa ndoo na kitambaa. Pampu ya kuoshea magari husukuma maji ndani ya beringi.

Safari ya kwanza iwe ya mjini, na ukirudi kaza tena kila bolti: krenki, shingo, siti, keria, na uangalie waya za breki kwa sababu mpya hunyooka. Baada ya wiki mbili nyoosha rimu mara nyingine, spoku zitakuwa zimekaa. Mvua zikiisha mwezi Mei, fungua habu na ekseli ya pedeli ujaze grisi mpya, hata kama hakuna kinacholalamika. Ndani ya mfuko wa siti viwemo tyubu moja, viraka na gundi, spana ya namba 15, spana za L, na kipande cha waya wa breki.